Posti Niliyoifuta Baada ya Dakika Kumi

"Mtoeni nje! Mwizi huyo!"

Jamani... nilikuwa kibandani kwangu Mikumi, chipsi mkononi, naangalia video ya watu wakimburuta Deo nje ya kibanda chake cha redio kule Kimamba.

Shati limechanika. Mdomo unavuja damu.

Na aliyewapa sababu ni mimi!

Naitwa Getrude, fundi simu. Msinitukane kwanza, someni mpaka mwisho.

Mwaka jana mimi na Deo tulianzisha grupu la Telegramu, Fungua Ujue. Mafundi wa Kilosa nzima tunafungua kifaa, tunafuata waya kwa waya mpaka tujue kilivyotengenezwa. Wasimamizi wawili tu, na tunaposti kwa jina la grupu.

Sheria niliandika mimi. Ya kwanza: chochote kinachoweza kumsaidia mwizi hakipostiwi mpaka tukisome wote wawili. Ya pili: aliyekosea anaitwa pembeni, haaibishwi mbele za watu.

Ijumaa nikafanikiwa kunyamazisha alamu ya pikipiki bila rimoti yake. Zile za bei poa wanazofunga bodaboda! Deo yuko shambani Magole, hapatikani.

Sifa zikanipanda kichwani. Nikaposti hatua zote, na picha.

"Grupu hili ni moto!" mwanachama mmoja akajibu.

Dakika kumi baadaye roho ikanisuta. Nikafuta.

Jumapili, Goodhope, bodaboda wa Magomeni ya hapa Kilosa na mwenzetu grupuni, akatoka kanisani. Pikipiki hakuna! Na alamu haikulia.

"Wasimamizi mko wawili," akaandika. "Nani alituma ile posti?"

Nikaandika, wapendwa:

"Si mimi."

Kabla Deo hajajibu, nikamtoa kwenye grupu. Watu mia tatu wanaangalia.

Jumatatu ndiyo hiyo video. Na Goodhope nilimwona ndani yake, anapiga.

Nikaziacha chipsi. Nikapanda gari mpaka Kimamba.

"Kaka Deo, shikamoo."

"Marahaba."

Aliitika vizuri tu, pamba mdomoni. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

"Umekuja kuniona, au umekuja kusema?"

Akanipa simu yake. Alikuwa amepiga picha kumbukumbu za wasimamizi, ambamo hata kilichofutwa hubaki... posti yangu niliyoifuta, na jina langu juu yake!

"Unayo tangu lini?"

"Jumamosi."

"Wamekupiga, kaka! Mbona hukuwaonyesha?"

"Aliyekosea anaitwa pembeni. Si uliandika wewe? Nilikupigia mara sita, Getrude. Hukupokea."

Ni kweli. Zote niliziona zikiita.

Nililia palepale. Kisha nikaandika kwenye grupu, kwa jina langu: "Ni mimi." Matusi niliyoyapata ni haki yangu.

Goodhope alijibu neno moja. "Nakuja."

Alikuja na baiskeli ya kuazima, jasho linamtiririka. Alinipita kama hanioni, akaenda kumwomba Deo msamaha. Pikipiki yake haijapatikana mpaka leo.

Ndugu zangu, kufuta posti si kufuta kosa. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajalipia.

Siku hizi msimamizi ni Deo. Mimi ni mwanachama wa kawaida, na ninachoandika hakipostiwi mpaka akisome.

Hata hiki kakisoma. Kafuta sehemu moja tu... pale nilipomsifia.