Shikamoo Iliyokosekana Gare

Aa, uchawi wapi! Waliokuambia kijana yule ni mchawi hawakumjua Lusajo. Kijana wa Kinyakyusa yule, kaja huku milimani kufanya kazi kiwanda cha chai. Secilia alikutana naye sokoni Lushoto, siku ya gulio, watu kama siafu. Lusajo anamfokea msimamizi wake kwenye simu, buti zimejaa vumbi la chai, paa! akapiga teke fungu la karoti.

"Wee kaka! Karoti zangu mpira?"

Akageuka, akamwona binti wa kijiji cha Gare, gauni la kitenge cha njano, sweta jekundu, mikono kiunoni. Simu akaikata. Akachutama kuokota.

"Na hiyo uliyoikanyaga utaila mwenyewe."

Akaila, na udongo wake. Secilia akacheka mpaka akashika mbavu.

Basi ndo ikawa kila jioni simu. "Umekula, karoti yangu?" "Nimekula, bwana hasira." Maana hasira alikuwa nazo kweli. Mashine zinamnguruma kichwani hata akitoka kazini, usingizi hapati, presha juu. Nesi wa zahanati akamfundisha: kaa, fumba macho, fuata pumzi ikiingia ikitoka, mawazo yakija yaache yapite. Ikamsaidia, bwana! Ila Secilia hakumwambia. Kambini kwa wafanyakazi wenzake walishamwona amefumba macho, wakampachika jina la mganga, akaona aibu.

Siku ya kujitambulisha kwa wakwe sasa. Karibu na nyumba moyo ukamdunda. Akazima simu, akakaa kwenye jiwe kando ya njia, akafumba macho. Mara anapita Mzee Emanueli, babake Secilia, jembe begani. Akasimama. Huku kwetu mdogo ndiye anaanza shikamoo, mkubwa anangoja. Akangoja. Akakohoa. Akakohoa tena, mpaka mbuzi wa jirani wakageuka. Kijana kimya!

Alipokuja kupiga hodi, mzee hakumpa hata kigoda. "Toka! Nakukoholea, umekaa kama kisiki, halafu unataka binti yangu?"

Secilia alitamani ardhi immeze, shangazi zake wote wamekaa pale. Akatoka nyuma ya jiko, akapiga simu.

"Nimekupigia weee, ulikuwa umezima! Umemdharau baba yangu!"

"Sikumwona, mpenzi. Nilikuwa nimefumba macho, natuliza kichwa."

"Kichwa kina nini?"

Akamweleza yote, mpaka ile aibu.

"Lusajo! Mimi nikakuita bwana hasira, kumbe unaumwa, na hunambii? Kambi nzima inajua, mimi sijui? Uko wapi?"

"Hapahapa njiani. Miguu imekataa kuondoka."

Akamfuata. Hakumbembeleza, hapana. Alimshika mkono akamburuta mpaka sebuleni, machozi na hasira pamoja.

"Tate," akamgeukia babake, "wewe ukishika rozari si unafumba macho? Juzi mjomba kapiga hodi mpaka kaondoka! Nani alikufukuza?"

"Ile sala! Mimi naongea na Mungu. Huyu anaongea na nani?"

"Na mtu yeyote siongei, baba," Lusajo akasema. "Nanyamaza tu. Nisiponyamaza, nitapiga mtu kiwandani."

"Basi acha huo mchezo, nikupe mke."

Secilia akamkazia macho Lusajo. Neno moja tu, ndiyo, na ndoa ipo.

"Siwezi, baba. Nikiacha, hasira zote zitamwishia huyu. Nampenda. Nataka nimwoe nikiwa mtu, siyo mashine."

Shangazi mmoja akajipangusa macho na kanga. Mzee akatazama dari, akatazama buti za kijana, zimepigwa rangi mpaka zinang'aa.

"Hutakaa tena njiani. Utakaa nyuma ya nyumba, na mtu asikusumbue. Na mimi nadai shikamoo yangu."

Lusajo akainama. "Shikamoo, baba."

"Hiyo ya sasa. Na ya kule kwenye jiwe?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Marahaba."

"Emanueli," Jenoveva, mamake Secilia, akaita toka jikoni, "ugali umekuwa jiwe na nyie mnaamkiana! Kaeni!"

Secilia akamnawisha Lusajo mikono, na wote wakakaa, wakala.