Bibi Ghalia Hajaulizwa

—Siku ya milka, Bibi Ghalia asizungumze Kiswahili mbele ya ami zangu. Rahila, nakuomba.

Rahila akakiweka chini kikombe cha kahawa. Walikuwa mkahawani Nizwa, Oman, yeye na mchumba wake Azzan, karibu na chuo wanachosomesha wote wawili, na milka yao, yaani kufungwa ndoa, ilikuwa Ijumaa ya wiki ileile.

—Bibi yangu Kiarabu chake cha sala tu. Akae kama kabati?

—Ami Saud kazaliwa Unguja lakini hataki kuisikia. Na mimi nataka turudi kwenye asili yetu. Unajua tasnifu yangu ya Moscow niliandika juu ya Waslavofili.

Hapo Azzan akajikoroga mwenyewe. Rahila naye aliwasoma walewale Waslavofili, wanafikra wa Kirusi wa karne ya kumi na tisa waliowaambia wenzao waache kuiga Ulaya Magharibi, warudi kwenye imani na desturi zao. Mapenzi yake na Azzan yalianzia maktabani, wakigombania kitabu kimoja.

—Azzan, wale walikuwa wakiwagombeza nani?

—Mabwana waliokuwa wakizungumza Kifaransa.

—Kwa nini?

—Kwa sababu waliionea haya lugha ya…



—Malizia, habibi.

—Rahila, haya mambo mawili mbalimbali!

—Mamoja! Mmoja wao si alivaa joho la kale ili awe Mrusi safi, watu wakamdhania Mwajemi? Ndiyo wewe. Asili unaitafuta vitabuni, na mama yako alikubembeleza kwa Kiswahili.

—Kwa hiyo unaniacha?

—Nakupenda, wallahi, mpaka naumwa. Lakini bibi akinyamazishwa, hakuna milka. Khalas.

Akachukua mkoba, akaondoka. Njia nzima ya kurudi kwao Ibra alilia, na gari hakuligeuza.

Jioni ujumbe wa Azzan ukaingia: “Ami Saud kasema Kiarabu tu. Nifanye nini?”

Akajibu: “Waslavofili wako walisifu baraza la kijiji, jambo halipiti mpaka wote waridhie. Bibi Ghalia hajaulizwa. Njoo umuulize.”



Ijumaa magari yakasimama nje ya nyumba yao Ibra. Rahila akajibanza nyuma ya mlango wa majlis, sebule ya wageni, asijue Azzan atafanya nini. Bibi Ghalia akaingia na fimbo yake kuwaamkia wageni.

—Karibuni, wanangu.

Ami Saud akakunja uso. Azzan akainuka, akapiga goti mbele ya kikongwe, akambusu mkono.

—Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye Azzan. Umeridhia nimuoe Rahila?

—Marahaba, baba. Mimi nimeridhia. Na huyu ami yako aliyenuna, keshaulizwa?

Macho yote yakamgeukia Ami Saud. Akakohoa, akarekebisha kilemba. Kiswahili kikatoka taratibu, cha mtoto wa Unguja aliyeondoka zamani.

—Shikamoo, Mama. Na mimi… na mimi nimeridhia.

Nyuma ya mlango kigelegele kikapasuka. Bibi harusi hajipigii vigelegele, wanawake wote wanajua hivyo, lakini Rahila hakuweza kungoja mtu ampigie.