Barafu Zilizododa

Kila asubuhi, kabla hajavaa kiatu cha pili, Kasuku alikuwa ameshamaliza habari za mtaa mzima. Mama yake alipanga barafu nyekundu za juisi kwenye boksi la kwenda kuuzia getini pa shule, akiitikia tu, "Enhe... enhe..."

Wiki hiyo Kasuku alifunga mdomo kabisa. Baba akamgusa paji la uso. "Huyu mtoto anaumwa?"

Haumwi. Ameapa! Getini palikuwa na kivuli kimoja tu, cha kibanda cha bati, na miaka yote Mama na fundi viatu walikaa humo pamoja. Jumatatu Mama akadai gundi ya fundi inamkimbizia wateja, akamhamishia juani. Mzee wa watu akawa anashona viatu gazeti limemfunika kichwa. Darasa la Kasuku likakasirika, likaapa, na shule nzima ikafuata: hakuna kununua barafu mpaka fundi arudi kivulini.

"Na wewe Kasuku, usimwambie mama yako," Kiranja akamwonya. "Atatushtaki kwa mwalimu mkuu."

Basi, barafu zikadoda. Mama akaongeza sukari. Zikadoda. Akatia ndimu, akatia tangawizi, wapi! Zilizobaki zikarudi nyumbani: barafu baada ya chakula, barafu kabla ya kulala.

"Jamani, meno yangu!" Baba akalia.

"Kula, friji imejaa!"

Kasuku naye akala. Angefanyaje?

Ijumaa Kiranja akasimama mlangoni mwa darasa. "Toeni ndimi!"

Ndimi zikatoka, zote za kawaida. Wa Kasuku ulikuwa mwekundu kama wino wa kusahihishia.

"Msaliti!"

"Sijanunua! Nalishwa!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu, lakini siku hiyo hakuna aliyekubali kukaa naye dawati moja.

Mchana akaenda getini, machozi yanamlengalenga. Akamkuta Mama anaonja barafu moja baada ya nyingine. "Mwanangu, niambie ukweli. Zina ladha mbaya?"

Hapo kiapo kikamshinda. "Mama, barafu ni tamu! Ubaya ni fundi kukaa juani. Tumekususia shule nzima, hata mimi, ila wewe unatulisha, mpaka Baba analia meno!"

Mama akaweka barafu chini. Akamtazama fundi, jasho linamchuruzika chini ya gazeti.

"Siku nne nahangaika na ndimu," akasema polepole, "kumbe kilichochacha ni mimi."

Akakibeba mwenyewe kiti cha fundi hadi kivulini. "Nisamehe, kaka. Kopo la gundi tutalifunika tu."

Wanafunzi wakajaa. "Tuendelee kususia," mmoja akanong'ona, "labda atatupa za bure!"

Fundi akamsikia. "Thubutu! Mlisusia ili haki ipatikane, na imepatikana. Mkiendelea, huo ni ukorofi. Tena safari nyingine, wanangu, mtu mwambieni kosa lake siku ileile. Kumnyima bila kumwambia ni kumwadhibu tu, hajui hata atengeneze nini. Mngesema mapema, mimi nisingeungua siku nne, na baba wa huyu angekuwa na meno yake."

Kiranja akamwomba Kasuku radhi, kisha akawahi kuwa wa kwanza kwenye foleni.

Jioni Kasuku alisimulia yote, mara mbili, bila kumeza mate. Mama akaingia na boksi. Baba akaruka kitini.

"Mke wangu, mimi bado nasusia!"

Mama akaligeuza boksi juu chini. Tupu.