Mafuta Aliyochanganya Germana

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Germana na mama yake walikaa uani kwao, mtaa wa Kikuyu, wakitengeneza mafuta ya kupaka. Mama yake aliitwa Evelina, ingawa majirani wote walimwita Mama Germana. Aliinjika sufuria kubwa yenye maji kwenye jiko la mkaa, kisha ndani yake akaweka sufuria ndogo yenye mafuta ya alizeti aliyoletewa na mdogo wake kutoka Kongwa. Maji yalipochemka na mafuta kupata moto, Germana aliikwangua nta ya nyuki kwa kisu na kuidondosha kidogo kidogo, huku akikoroga kwa mwiko mkavu. Nta ilipoyeyuka waliyamimina mafuta katika makopo madogo na kuyaacha yagande.

Ulikuwa mwezi wa Julai. Upepo wa kipupwe ulivuma tangu alfajiri, mkavu na wa baridi, ukipasua midomo ya watoto na visigino vya wazee. Makopo yale hayakukaa ndani, majirani waliyanunua yote. Mzee Ambokile, aliyekuwa mlinzi wa ofisi moja mjini, alisema magaga yalikuwa yakimtesa hata viatu haviingii, lakini sasa anatembea kama kijana.

"Dawa yako ni kiboko, Mama Germana," alisema.

"Haya ni mafuta, mzee wangu, si dawa," mama alimjibu. "Yanalainisha ngozi, basi."

Jibu hilo alilitoa kwa kila mtu, na Germana hakulipenda. Alikuwa darasa la sita, na alijivunia kazi ya mama yake. Aliona mama anajishusha bure.

Jumatatu moja jioni alikwenda kwa rafiki yake Shamila, nyumba ya tatu kutoka kwao. Walikuwa wameanza pamoja darasa la kwanza, na hakukuwa na siri kati yao. Siku hiyo Shamila alimvuta nyuma ya nyumba, akatazama huku na huku, kisha akavua ushungi wake.

Kwenye utosi palikuwa na mabaka mawili ya mviringo, kila moja kama kifuniko cha soda. Nywele zilikuwa zimekatika, na ngozi ilitoa magamba meupe.

"Mapunye," alisema Germana.

"Ijumaa mwalimu wa afya anakagua vichwa," Shamila alisema kwa sauti ndogo. "Nitavuliwa ushungi mbele ya darasa zima. Nitaiweka wapi sura yangu?"

"Mama yako anajua?"

"Sijamwambia. Atasema nimeazima chanuo la watu, na kweli niliazima. Germana, nisaidie. Niombee mafuta kwa mama yako."

Germana alijua mama yake angesema nini. Angesema mtoto apelekwe zahanati. Lakini kuombwa msaada kwa macho yale, kana kwamba yeye ndiye daktari, kulimpa kichwa. Akakumbuka video aliyoitazama kwenye simu ya binti mmoja wa jirani. Mwanamke mmoja alikuwa akiapa kwamba kitunguu saumu kibichi humaliza mapunye kwa usiku mmoja.

"Usijali," alimwambia. "Kesho nitakuletea."

Kesho yake, mama alipokuwa sokoni, Germana alimenya vitunguu saumu vizima viwili, akavitwanga kwenye kinu hadi vikawa uji. Akakamulia ndimu, akavichanganya na mafuta ya kopo moja. Mchanganyiko ule ulimwasha pembeni ya kucha, pale palipokuwa na kijeraha. Badala ya kusita, akafurahi. Alidhani kinachowasha ndicho kinachoponya.

Shamila alipofungua kopo alikunja pua. "Mbona linanuka hivi? Mama yako ndiye aliyetengeneza?"

Angesema hapana, Shamila asingepaka.

"Ndiyo," alisema. "Paka mengi, ujifunge kitambaa, ulale nayo."

Jumatano Shamila hakuonekana shuleni. Germana alijipa moyo kwamba labda amechelewa kuamka. Jioni, alipokuwa akichambua mchele, alisikia hodi. Aliingia mama yake Shamila, aliyeitwa Mama Halfani kwa jina la kaka yake Shamila. Hakuwa amekuja kwa ugomvi, lakini uso wake ulikuwa umechoka.

"Mama Germana, sikuja kukulaumu," alisema alipokaa. "Nimekuja kuuliza. Mwanangu amepaka mafuta yako kichwani. Alfajiri ameamka analia, utosi mzima una malengelenge, na paji la uso limevimba hadi jicho moja limefumba. Tabibu pale zahanati ananiuliza ndani ya mafuta kuna nini, nami sina jibu."

Mama aliweka mkono kifuani. "Kuna alizeti na nta. Hakuna cha tatu. Hilo kopo liko wapi?"

"Amelitupa chooni kwa hofu. Na kichwa alishakiosha kwa sabuni mara tatu kabla hajaniamsha. Tabibu anasema huenda mwili wake unakataa alizeti, au nta. Amemkataza asali na chakula chochote chenye mafuta hayo mpaka ijulikane. Uvimbe usipopungua, ataandikiwa aende hospitali ya mkoa."

Mama alifungua kopo lake mwenyewe, akachota mafuta, akajipaka mikono na uso mbele ya mgeni. Alifanya hivyo polepole, kama mtu anayetafuta kosa asiloliona. Germana aliinamisha kichwa juu ya ungo. Punje za mchele zilichezacheza machoni pake. Aliendelea kuchambua bila kuinua macho.

Usiku ule hakula vizuri.

Alhamisi habari zilikuwa zimeenea. Alipotoka shule alikuta makopo manne yamerudishwa, yamepangwa juu ya kibaraza. Mzee Ambokile alikuwa akileta la tano.

"Si kwamba sikuamini, mama," alisema mzee huku akitazama chini. "Ila nina wajukuu nyumbani."

"Naelewa, mzee wangu. Hujakosea," mama alimjibu.

Mzee alipoondoka, mama aliketi kwenye kigoda akiwa na kipande cha nta mkononi. Alikinusa, akakigeuza, akakinusa tena. Kisha akachukua simu yake.

"Unampigia nani, mama?" Germana aliuliza.

"Mama yako mdogo wa Kongwa. Nta ile ni ileile ya siku zote, kwa hiyo ubaya umetoka kwenye alizeti. Inawezekana aliikamulia kwenye mashine chafu, au alichanganya na kitu bila kuniambia. Lazima anieleze."

Germana alimwona mama mdogo machoni pake, jinsi anavyopepeta mbegu mwenyewe hata akiwa na wafanyakazi, akisema dada yake hali taka. Sasa naye alikuwa anakwenda kulaumiwa.

"Mama, usimpigie," alisema.

Mama aliinua macho.

"Si yeye. Ni mimi." Machozi yalianza kumtoka, lakini hakuacha kusema. Alieleza yote, mapunye ya Shamila, video, vitunguu, ndimu, na lile neno "ndiyo" alilolisema mwishoni. Hakujitetea.

Mama aliiweka simu chini.

"Vaa viatu," alisema. "Zahanati haijafungwa."

Walipita kwanza kwa Mama Halfani. Shamila alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimefunikwa kwa kitambaa chepesi, jicho la kushoto limefumba. Mbele yake palikuwa na bakuli la viazi vilivyochemshwa kwa chumvi tu.

"Shikamoo, mama," Germana alimwambia Mama Halfani, na kabla hajaitikiwa akaendelea, "Nimekuja kusema ukweli. Mafuta yale hayakutengenezwa na mama. Mimi niliweka kitunguu saumu kibichi na ndimu, nikamdanganya Shamila."

Mama Halfani alimtazama, kisha akamtazama mama yake Germana. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo kabla hajapata nafasi ya kukasirika.

"Kitunguu saumu," alirudia. "Shamila, inuka twende."

Tabibu aliyekuwa zamu, yuleyule wa jana, aliitwa Optatus, kijana mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alimsikiliza Germana bila kumkatiza. Akamuuliza vitunguu vilikuwa vingapi, vilikaa kichwani saa ngapi, na kama kulikuwa na kitu kingine chochote. Germana alijibu kila swali. Tabibu akakiangalia tena kichwa cha Shamila kwa makini, akashusha pumzi.

"Basi hii ni ngozi iliyoungua," alisema. "Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi usiku kucha kinaunguza kama moto, na ndimu imeongezea. Mimi nilikuwa nahofia makubwa kuliko haya. Uvimbe wa uso umetokana na kuungua huko, na naona hapa pembeni umeanza kushuka. Hana haja ya kwenda hospitali ya mkoa leo. Na mama, mpe mtoto chakula chake cha kawaida. Alizeti haina kosa."

Mama Halfani alisema, "Alhamdulillahi," akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mama yake Germana aliegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu jana mabega yake yalilegea.

Kidonda kilisafishwa na kupakwa dawa. Kisha tabibu akayaonyesha yale mabaka mawili.

"Mapunye ya kichwani yanajificha ndani ya shina la unywele," aliwaeleza. "Chochote unachopaka juu hakifiki huko. Huyu atahitaji vidonge vya kumeza, na avimeze kwa wiki zote nitakazoandika, hata akiona amepona. Nyumbani wote waje tuwaangalie vichwa. Na kila mtu awe na chanuo lake."

"Nywele zitaota tena?" Shamila aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza.

"Zitaota," tabibu alimjibu. "Uwe na subira tu."

Njiani Germana alitembea nyuma. Shamila alipunguza mwendo hadi wakawa sambamba.

"Ungesema hujui, nisingekukasirikia," Shamila alisema.

"Najua sasa. Nisamehe."

Shamila aliendelea kutembea ubavuni pake.

Ijumaa ukaguzi ulifanyika, na haukuwa kama Shamila alivyouogopa. Mwalimu wa afya aliwaita wanafunzi mmoja mmoja ofisini, mlango umefungwa. Wenye mapunye walikuwa saba darasani mwao, na wote walipewa barua za wazazi zilizofungwa ndani ya bahasha. Hakuna aliyechekwa.

Jioni hiyo mama alimwongoza Germana nyumba kwa nyumba, kwa wote waliorudisha makopo, wakiwa wameyabeba. Kwenye kila mlango mama alisimama pembeni, na Germana ndiye aliyeongea. Mlango wa kwanza ulikuwa mgumu mno, aliongea akitazama miguu yake. Kwenye mlango wa Mzee Ambokile, ambao ulikuwa wa mwisho, aliweza kusimama wima na kumtazama mzee usoni. Mzee alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono kupokea kopo lake.

"Miguu yangu ilianza kulalamika," alisema, na mama akacheka.

Walipofika nyumbani, Germana aliuliza, "Mama, adhabu yangu ni nini?"

"Umeimaliza sasa hivi," mama alisema. "Kuchanganya vile vitunguu ulikosea, lakini ulikuwa unataka kumsaidia mwenzio, na hilo nilikusamehe palepale. Kilichoniumiza ni kwamba uliniona nahangaika siku mbili nikitafuta kosa lisilokuwepo, nawe ukakaa kimya."

Germana alimkumbatia mama yake, na mama hakumwachia upesi.

Wiki ya sita tangu Shamila aanze vidonge, Mama Halfani aliwaalika kwa chakula cha mchana. Shamila alimpokea Germana mlangoni, akamvuta chumbani, akavua ushungi. Kidonda kilikuwa kimekauka, ngozi imerudi safi, na mahali pa mabaka yale palikuwa na nywele changa, laini kama manyoya ya kifaranga. Germana alizigusa kwa ncha ya kidole, nao wakaanza kucheka wote wawili bila kujua wanacheka nini.

Mezani, Mama Halfani alimpakulia Germana wali, kisha akaketi karibu naye.

"Binti yangu, nisikilize," alisema. "Mafuta ya nyumbani ni kitu kizuri, bibi zetu waliyatumia na sisi tunayatumia. Lakini ngozi kavu ni jambo moja na ugonjwa ni jambo lingine, na ugonjwa una watu waliosomea. Ukiwa hujui, sema hujui, hakuna atakayekucheka. Na ukikosea, sema mapema. Tabibu wetu alihangaika siku mbili kwa sababu ya neno lako moja la uongo. Ulipomwambia kweli, alijua la kufanya kabla hatujaketi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi kula, wali unapoa."