Alama ya Kutoa

"Sindano. Shangazi anauliza, chai imechemka?"

Sauti ilitoka kwenye kidude kisichozidi punje ya mchele, ndani kabisa ya sikio lake la kushoto.

Sindano akakohoa mara moja. Ndiyo.

Miezi mitatu alikuwa fundi wa kompyuta katika chumba hiki juu ya kiwanda cha rangi, akila sahani moja na muuaji waliyemwita Mgeni. Leo, saa nne asubuhi, kazi ilikuwa imeiva.

Kwenye skrini kulikuwa na vitone viwili. Cha mbele kilikuwa kituo cha angani chenye watu sita ndani. Cha nyuma kilikuwa Nyigu, setilaiti ya Mgeni, na Nyigu alibeba bomu. Vyote viwili viliizunguka dunia kwa njia moja na kimo kimoja, kilomita arobaini kati yake. Nyigu alibakiwa na mafuta ya msukumo mmoja.

Mmoja tu.

"Usimguse Mgeni mapema," Shangazi, mkuu wake wa ujasusi, alikuwa ameagiza. "Ukimuua leo, kesho wenzake watamaliza kazi. Mafuta ya Nyigu yaishe bure kwanza."

Rahisi kusema ukiwa ofisini chini ya kiyoyozi.

Mlango ukafunguka. Mlinzi akamsukuma ndani mzee mwenye miwani iliyopasuka. Sindano alimjua mara moja. Alikuwa Mwalimu, aliyemfundisha hesabu sekondari. Mzee alimtazama, akamtambua, akageuza macho kama aliyeona ukuta.

Watu wa Mgeni walikuwa wamemteka binti yake. Ndiyo maana alikuja na jibu sahihi la kumfikisha Nyigu kituoni. Baba gani angekuja na jingine?

Aliandika kwenye karatasi: mita mbili nukta nne kwa sekunde. Mbele ya namba akaweka alama ya kutoa.

"Kutoa?" Mgeni aliuliza. "Nifunge breki? Ninayemfukuza yuko mbele, mzee."

"Ukifunga breki, Nyigu anashuka. Akishuka, njia yake inakuwa fupi na mwendo unazidi. Atazunguka mara moja, dakika tisini na mbili, atamkuta. Ukikanyaga mafuta, atapanda juu na kuchelewa. Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Huku chini ni methali. Kule juu ni sheria."

Darasani, hapo ndipo wote walipokuwa wakicheka. Mgeni hakucheka. Alikuwa mtu wa magari ya mbio, na maisha yake yote aliye mbele alimfikia kwa mguu wa kulia.

"Fundi," akamgeukia Sindano. "Huyu amekosea, au anadanganya?"

Aliyekosea hurudia hesabu. Anayedanganya hula risasi.

Sindano alitaka kusema amekosea. Mungu anajua alitaka. Lakini Mwalimu alikwishainua kalamu. "Nipe dakika tano nikuthibitishie," alisema, na Sindano alijua dakika tano zingetosha. Mzee yule aliwahi kumwelewesha hata yeye, aliyekuwa na kichwa kigumu kuliko wote. Angemwelewesha Mgeni pia, na watu sita wangekufa.

Sauti ikarudi sikioni, na kichwa cha Sindano kikainama kidogo kushoto: "Binti tunaye. Mzima."

"Anadanganya," Sindano alisema.

Mwalimu akafungua mdomo kubisha.

"Kaa chini, Mwalimu. Umemaliza."

Mgeni alicheka. Alidhani ni dharau. Hakujua kwamba ndivyo Mwalimu alivyomwambia mwanafunzi aliyepata jibu ubaoni, na hakuwahi kumwambia aliyekosa.

Mzee alitazama sikio la kushoto la Sindano. Kisha akarudisha kalamu mfukoni, akavuta kiti, akakaa.

Bastola ya Mgeni, Glock yenye kiwambo cha kuzuia sauti, ililia mara moja.

Mlinzi akaburuta mwili nje. Mgeni alibonyeza namba mwenyewe, akaweka alama ya kujumlisha, akatuma. Mafuta yakaisha.

Kilomita arobaini zikawa thelathini na tisa na nusu. Dakika ya kumi, thelathini na tisa.

"Umeona?" Mgeni alisema, akiwasha sigara. "Mzee mwongo."

Sindano aliangalia saa yake ya Casio. Jasho lilimteremka mgongoni, lakini uso ulikuwa mkavu.

Dakika ya kumi na tisa, arobaini tena.

Dakika ya ishirini na mbili, arobaini na moja.

Sigara ilimdondoka Mgeni. "Mbona inarudi nyuma?"

"Inapanda," Sindano alisema. "Haraka haraka."

Mgeni aligeuka, mkono kwenye Glock. Kalamu ya Bic ya Sindano ilikwisha kumwingia shingoni, na ndani yake hamkuwa na wino, mlikuwa na sumu. Aliangukia kiti kilekile alichokalia Mwalimu. Sindano alingoja hadi miguu ya Mgeni ilipoacha kupigapiga sakafu. Hakufanya haraka.

Kisha akavua koti la kazi, akashuka ngazi za nyuma, akapita kati ya mapipa ya rangi na kumwambia bawabu siku njema.

Toyota ilikuwa inangoja. Kiti cha nyuma, binti wa Mwalimu alikuwa amejifunika blanketi.

"Dada, baba yuko wapi?"

"Hatoki."

Binti alilia bila sauti. Baadaye akauliza, "Aliwadanganya?"

"Hapana. Aliwaambia kweli tupu."

"Sasa walimuulia nini?"

Sindano alifunga mkanda.

"Mimi niliwaambia anadanganya," alisema, kisha akamwambia dereva aendeshe polepole.