Jina Lililosomeka Juu ya Kifusi

Haya yalimpata dada yangu Martina, tumbo moja. Mwisho wake niliushika kwa mikono yangu hii, ndiyo maana nayasema.

Jumanne ile ilianza vizuri tu. Dada alikuwa mpiga picha pale Kharumwa: harusi, ubatizo, mahafali. Kamera yake ilikuwa ndogo, ya hizi za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Lenzi unabadilisha, na skrini ya nyuma unaikunjua ukaielekeza utakako. Alichokipenda zaidi ni jinsi ilivyojua nyuso. Ukiielekeza kwa mtu, inamzungushia kiboksi cha njano usoni. Akiwa amefumbua macho, kiboksi kingine kidogo kinatua kwenye jicho. Na sura ukitaka unaihifadhi pamoja na jina lake.

Dada alikuwa amehifadhi sura moja tu, ya mumewe. Kila shemeji alipopita mbele ya lenzi, chini ya kiboksi jina lilijiandika: JANUARI. Walikuwa wakicheka kama watoto.

Januari alikuwa Muha wa Kasulu, mchimbaji wa dhahabu, mtu wa maneno mengi. Siku hiyo tulifuatana naye mgodini, dada akawapige wachimbaji picha za vitambulisho. Mimi nilishika kitambaa cheupe nyuma yao. Tulipomaliza, Januari akavaa kofia yake ya taa.

"Msile bila mimi," alisema, akashuka kwenye duara. Duara ndilo shimo lao la kuchimbia.

Saa nane mchana tulisikia kishindo kizito, kama gunia la mahindi limeangushwa chini. Kisha vumbi. Duara lilikuwa limetitia. Wenzake wawili walikuwa wameshatoka. Yeye hakuwa ametoka.

Walichimba Jumanne, wakachimba Jumatano. Sisi wanawake tulizuiwa nyuma ya kamba. Alhamisi mchana Magesa, msimamizi wao, alikuja akitazama chini.

"Shemeji, tangu asubuhi hatumsikii tena akigonga."

Dada hakulia. Aliinua kamera juu ya vichwa vya watu, akaikunjua skrini ili aone wanaume wanafanya nini kule mdomoni mwa duara.

"Dorah," alininong'oneza. "Angalia."

Kiboksi cha njano hakikuwa kwenye duara. Kilikuwa hatua kama ishirini kando, juu ya shimo la zamani lililofukiwa kabla hatujazaliwa. Pale palikuwa na udongo mwekundu na majani makavu, basi. Kiboksi kilitetemeka, kikatulia. Chini yake: JANUARI.

Alifuta lenzi kwa upande wa kanga. Akaitoa, akafunga nyingine. Kikarudi palepale. Halafu kile kidogo nacho kikatua.

"Amefumbua macho," dada alisema.

Alimshika Magesa shati. "Kaka, chimbeni pale! Nakuomba kwa Mungu, chimbeni pale!"

Magesa alipatazama, akarudi nyuma hatua moja. "Pale hapachimbwi, shemeji. Waliopafukia walipafunga kwa mganga. Hata ng'ombe hawakanyagi."

"Mume wangu yuko pale!"

"Mumeo aliingia hapa. Mimi mwenyewe nilimwona."

Ndipo kelele zikapigwa kutoka kwenye duara. Mzima! Yu mzima! Wakampandisha kwa kamba, udongo umemjaa hadi kwenye kope, hana hata mchubuko. Vigelegele vikapigwa. Dada alimrukia akamkumbatia, na mimi nikamkumbatia. Kamera haikutazamwa tena.

Siku kumi na moja mtu yule alikaa nyumbani.

Alikula alichopewa. Hakuomba chumvi, hakuuliza habari za mtu. Mchana alilala, na usingizini aliongea. Aliongea Kisukuma. Si hiki chetu cha leo, ni kile cha bibi zetu, chenye maneno ambayo hata mimi sikuyajua. Januari Kisukuma alijua salamu tu.

"Ameshtuka," dada alisema kila nilipomtazama. "Atarudi taratibu."

Jumapili ya pili, baada ya misa, dada alitaka kumpiga picha amtumie mama mkwe Kasulu. Akamkalisha kwenye benchi, chini ya kalenda yenye picha ya mwanamke anayetabasamu. Akainua kamera.

Hakuna kiboksi.

Kamera ilitafuta. Kiboksi kikaruka juu ya kichwa chake, kikatua kwenye uso wa yule mwanamke wa kalenda. Dada akasogea. Akapiga goti. Uso wa mtu yule ukajaa skrini nzima, pua, mdomo, macho mawili yakimtazama. Hakuna kitu.

"Usirudi kule," mtu yule alisema.

Hakuna aliyekuwa ametaja kwenda popote.

Dada alitoka bila viatu. Tulipanda bodaboda moja wote wawili. Mgodini jua lilikuwa bado kali. Akaielekeza kamera kwenye shimo la zamani.

JANUARI.

Kiboksi kidogo kilikuwa juu ya jicho. Kikatoweka. Kikarudi. Kikatoweka. Kikarudi.

"Anapepesa," dada alisema. "Dorah, anapepesa macho."

Alinitupia kamera akaanza kuchimba kwa vidole. Magesa alikuja mbio kumzuia. Nikamwonyesha skrini. Alilisoma jina mwenyewe, akavua shati, akaita wanaume wanne.

"Januari, tunakuja!" dada alipiga kelele ndani ya udongo. "Nisamehe, mume wangu! Nilikuwa nampikia mtu mwingine! Nisamehe!"

Kazi yangu ilikuwa kushika kamera na kusema. "Yupo," nilisema. "Bado yupo." Shimo likafika kiunoni. Likafika shingoni. Kiboksi kidogo kikawa kinakawia kurudi. Kinakawia zaidi.

Kisha hakikurudi.

Nilibaki nakitazama kile kikubwa. Kikatetemeka. Kikazima.

"Yupo?" dada aliuliza kutoka chini.

"Yupo," nilisema.

Sepetu iligusa nguo. Alikuwa ameketi, magoti kifuani, kofia ya taa kichwani, kucha zote zimelika hadi nyama. Magesa alimwekea kiganja kifuani, akakiondoa upesi kama aliyeungua.

"Wa moto bado," alinong'ona. "Amekata roho sasa hivi."

Siku kumi na tatu tangu duara lititie. Magesa alizigonga kuta za shimo pande zote. Mwamba mtupu. Hapakuwa na njia ya kutoka kule duarani kufika pale.

Tuliporudi nyumbani mlango ulikuwa wazi na benchi tupu. Kitandani, alipokuwa akilala mtu yule, palikuwa na udongo mwekundu uliolowa, umelala kwa umbo la mtu, kichwa juu ya mto.

Godoro tulilichoma. Kitanda tulikipasua kuni, na kuni hakuna aliyezitaka. Januari tulimzika Kasulu kwao. Dada nilimchukua, anaishi kwangu Ushirombo sasa, analala kitanda changu cha wageni, na kamera hajaigusa.

Jana asubuhi nilienda kutandua shuka lake. Upande wa ukutani, asikolala mtu, mkono wangu uligusa unyevu. Palikuwa na udongo mwekundu. Na mto wa pili ulikuwa umebonyea katikati.