Mkufu Alioapa Uko Mmoja tu Duniani

Nina miaka thelathini na mmoja, mama wa mtoto mmoja wa kiume, na ninauza maziwa na jibini hapa Nyamitaba, Masisi, mashariki mwa Kongo. Wasomaji wenzangu, mnisamehe nikiandika kwa hasira. Bado ninayo! Tangu utotoni ndugu zangu wananitania kwamba nashuku hata kivuli changu... na bado niliingia mtegoni.

Kwetu msichana haolewi bila ng'ombe. Ng'ombe wa mahari anaingia uani mchana kweupe, wazee wanamzunguka, wanamfungua kinywa na kumkagua meno. Kwa ng'ombe, baba yangu hadanganyiki. Na mtoto ni wa baba yake pale tu mahari ilipotolewa. Bila mahari, mtoto anabaki ukoo wa mama.

Kambale alikuwa na duka Masisi mjini na gari la mizigo linalokwenda Walikale. Alitoka upande wa Butembo, mpole, misa ya Jumapili haimpiti. Jibini langu alinunua yeye. Alipokuja kuposa, alikuja mikono mitupu! Alisema ng'ombe siku hizi wanaporwa njiani, na hilo hakuna aliyelipinga, maana zizi letu lenyewe lilikuwa limeporwa. Kisha akafungua kisanduku. Ndani mlikuwa na mkufu wa dhahabu wenye mawe ya kijani.

"Zahabu tunaionaka hapa kila siku," baba alimwambia. "Hii iko na nini ya zaidi?"

"Papa, zahabu ya kawaida wanapima tu ku mizani," Kambale akajibu. "Hii iko bijou, pambo ya hali ya juu. Muntu aliichora kwanza, akaifanya na mikono yake, akatafuta mawe mpaka rangi ikafanana. Nyuma yake iko safi sawa mbele. Na hawafanyi ya pili. Siku utaona ya pili, hii haina kitu, na mimi sikutoa mahari!"

Aliyasema mbele ya wazee wote. Baba aliugeuzageuza mkufu ule kana kwamba anautafuta meno, asiyapate. Mwishowe akakubali.

Mimi je? Nilifurahi, nisiwadanganye. Lakini siku nilipouosha, niliugeuza. Nyuma ya mawe palikuwa pamezibwa kwa kibati, na gundi imechungulia pembeni. Si alisema nyuma ni safi kama mbele? Nilipomuuliza alicheka, akasema hiyo ni siri ya fundi. Kila nilipotoka jasho, shingo ilibaki na alama ya kijani. Akasema ni ngozi yangu!

Halafu akanikataza kuuvaa Bweremana, kule kando ya ziwa, eti kuna majambazi. Soko la Kingi nilikwenda nao, na hakunikataza. Sasa kwa nini Bweremana tu? Majambazi gani hao wanaokaa sehemu moja? Swali hilo lilinikaa kichwani hata baada ya kumzaa mwanangu.

Binamu yangu alipobatizisha mtoto huko Bweremana, Kambale alikuwa safarini Walikale. Nikauvaa. Ndiyo, makusudi!

Kanisani, nikiwa kwenye mstari wa kwenda kutoa sadaka, mwanamke mmoja alikuwa anarudi. Shingoni mwake... mkufu wangu! Mawe yale yale, kifungo kile kile. Alisimama, mkono ukamwenda shingoni. Wangu pia.

"Dada, hiyo ulitosha wapi, nani alikupatia?" akaniuliza.

"Bwana yangu njo alinipatia. Iko moja tu mu dunia."

"Na mimi aliniambia vile," akasema polepole.

Alikuwa Mama Neema, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Bwana wake ni Kambale yule yule. Hatukupigana. Tulikaa nje ya kanisa tukalia hadi misa ikaisha.

Nilipomkabili Kambale, aliniita mwanamke wa mashaka, akaondoka. Nilidhani yameisha... kumbe! Alirudi na kaka zake kumchukua mwanangu.

"Nilitoa mahari mbele ya wazee," alisema. "Mutoto iko yangu."

Nikamfunga mwanangu mgongoni. Angeweza kumchukua kweli! Lakini baba alikuwa amesikia mapema kwamba wanakuja, akamwita Mama Neema. Baba akaleta mkufu wangu, akauweka kwenye mkeka. Mama Neema akatoka jikoni, akavua wake, akauweka kando.

"Kambale, wewe njo ulitufundisha," baba akasema. "Tuonyeshe ile iko moja tu."

Kambale akaokota mmoja, akaurudisha. Kaka yake mkubwa ndiye aliyesimama kwanza, akamwomba baba radhi na kuaga bila kumtazama Kambale. Wakaondoka wote, na mwanangu akabaki mgongoni kwangu.

Dada zangu, nawasihi. Ukiletewa kitu cha thamani usichojua kukikagua, mpelekee anayejua kabla hujasema ndiyo. Ukikatazwa kukivaa mahali fulani, uliza ni nani anakaa huko! Mimi niliona gundi kwa macho yangu nikanyamaza, kwa sababu nilipenda kuitwa mke wa mtu.

Mwanangu sasa anafukuza ndama uani, namshukuru Mungu. Lakini lile neno la Kambale, "mimi sikutoa mahari", lililomwokoa yeye ndilo lililoniambia mimi kwamba sikuwahi kuolewa.